Kutengeneza programu ya somo pamoja na wanafunzi: mfano wa mwezi na bamvua

Programu nyingi za kujifunzia hutengenezwa na watu wazima, kisha wanafunzi huitwa mwishoni waseme kama zimewapendeza. Wakati huo picha zimeshachorwa, sauti zimesharekodiwa, na hakuna aliye tayari kubomoa kitu. Mwongozo huu unakwenda njia nyingine: wanafunzi na walimu wanakaa meza moja tangu siku ya kwanza, na kazi inaanza na majibu ya makosa ya wanafunzi wenyewe. Mwalimu analijua jibu sahihi, lakini amesahau zamani jinsi alivyokuwa hajui. Mwanafunzi aliyechanganyikiwa juzi bado anakumbuka alipoteleza, na kumbukumbu hiyo haipatikani kwenye kitabu chochote.

Mfano tutakaoutumia ni wa shule iliyo karibu na bahari: kwa nini mwezi hubadilika umbo, na hilo linahusianaje na bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana) na maji mafu (siku ambazo hujaa na kupwa kidogo). Mada hii ina picha, mwendo na sauti, na wanafunzi wa pwani huja nayo kutoka nyumbani. Shule ya bara inaweza kuchukua nusu ya kwanza tu.

Vifaa ni vichache. Laptopu 3 zenye RAM ya GB 4 zinatosha, kila moja ikiwa imewekewa Scratch ile isiyohitaji intaneti. Scratch ni programu ya bure ya kutengenezea programu zenye picha na sauti, iliyoanzia maabara ya chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007, na kwenye orodha yake ya lugha Kiswahili kimo. Ongeza simu moja ya kurekodia sauti, karatasi za A4 na manila, kalamu za rangi, flashi 2, tochi moja na machungwa kadhaa. Muda: vipindi pacha 10 vya dakika 80, pamoja na wiki mbili za kutazama mwezi jioni nyumbani.

Hatua ya 1: kusanya majibu ya makosa

Wagawie wanafunzi 30 hivi, walio nje ya timu (namna ya kuiunda iko hatua ya 2), nusu karatasi kila mmoja. Wasiandike jina. Maswali ni mawili:

Siku ya nne baada ya mwezi kuandama, unaonekana mwembamba. Ile sehemu nyingine imekwenda wapi? Chora, kisha eleza.

Kwa nini siku fulani maji hupwa mpaka mbali sana, na siku nyingine hupwa kidogo tu?

Neno "chora" lisiachwe. Mwanafunzi anaweza kuandika sentensi safi aliyoikariri kutoka kwenye daftari, lakini mchoro wake ukaonyesha dunia imeuzibia mwezi jua. Mchoro ndio unaosema anachoamini.

Timu nzima, walimu na wanafunzi, inazipanga karatasi hizo mezani kwa marundo. Mara nyingi utapata rundo la "kivuli cha dunia", la "mawingu", la wanaosema mwezi wenyewe hukua na kupungua, na la wanaodhani mwezi una mwanga wake. Rundo la kivuli ndilo la kushughulikiwa kwanza, kwa kuwa lina mantiki ndani yake na haling'oki kwa kukanushwa tu. Linahitaji kuonyeshwa: kivuli cha dunia huangukia upande usio na jua, ilhali mwezi mwembamba wa jioni uko angani upande ule ule jua linakozama. Kivuli hakiwezi kuufikia.

Chagua rundo moja au mawili. Andika kwenye manila, kwa maneno ya wanafunzi, sentensi ya kosa na sentensi mnayotaka ichukue nafasi yake. Manila hiyo ibaki ukutani hadi mwisho wa kazi. Kila skrini itakayopendekezwa iulizwe: inamsaidiaje aliyeandika sentensi ile ya kosa? Isiposaidia, haiingii, hata iwe nzuri namna gani.

Hatua ya 2: unda timu, na utatue suala la heshima

Wanafunzi 8 na walimu 2 wanatosha: mmoja wa somo, mmoja anayeifahamu kompyuta. Msichukue vinara wa darasa peke yao. Angalau watatu wawe wale ambao mada hii iliwashinda. Wakiwa vinara watupu, mtatengeneza programu inayomfundisha anayejua tayari.

Tatizo kubwa la timu ya namna hii si kompyuta, ni "ndiyo, mwalimu". Mwalimu akitoa wazo, mjadala umekwisha. Kundi la Allison Druin katika Chuo Kikuu cha Maryland, lililofanya kazi na watoto kama wabunifu wenza, lilijaribu kupunguza pengo hilo kwa watu wote kuitana majina ya kwanza na kutonyoosha mikono. Katika shule zetu hilo halishiki. Mwanafunzi ataamkia shikamoo na ataita "mwalimu", na asilazimishwe vingine. Badilisheni utaratibu wa kutoa maoni, heshima iachwe ilivyo:

Maoni yote yaandikwe kwanza kwenye vikaratasi, kimya, dakika 5, bila jina. Kila kikaratasi kianze na "Nimependa", "Sijapenda" au "Je, tukifanya". Kikaratasi kimoja, jambo moja. Mwanafunzi mmoja avikusanye na kuvisoma kwa sauti. Walimu waandike kwa kalamu ya rangi ile ile waliyonayo wanafunzi, na mwalimu asizungumze kabla ya wanafunzi watatu.

Mamlaka nayo yagawanywe waziwazi. Mwalimu wa somo ana neno la mwisho kuhusu ukweli wa maudhui. Wanafunzi wana neno la mwisho kuhusu kama jambo linaeleweka. Mwanafunzi akisema "sijaelewa skrini hii", hajibiwi kwa maelezo. Skrini inarekebishwa.

Hatua ya 3: lifanyeni kwa mikono kabla ya kompyuta

Fungeni madirisha. Tochi iwekwe juu ya kabati iwe jua. Kila mmoja achome chungwa kwenye kijiti, alishike mkono ukiwa umenyooka, juu kidogo ya usawa wa kichwa, kisha azunguke polepole kuelekea kushoto. Kichwa chake ndicho dunia. Ataona nusu ya chungwa ina mwanga muda wote, na kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo anayoiona yeye. Anayeshika chungwa chini sana litaingia kwenye kivuli cha kichwa chake akiipa tochi mgongo. Msilipuuze hilo: ndilo kupatwa kwa mwezi, na hapo swali la kwa nini halitokei kila mwezi litajileta. Jibu ni kwamba njia ya mwezi imeinama kwa takriban digrii 5.

Wakati huo huo kila mwanafunzi achore mwezi jioni kwa siku 14 kuanzia unapoandama: saa, umbo, na pembe zake zimeelekea wapi. Daftari hizo zitawaokoa baadaye. Picha nyingi za mwezi zilizo kwenye intaneti zimepigwa au kuchorwa kwa macho ya mtu wa Ulaya au Marekani, ambako hilali, yaani mwezi mwembamba, husimama wima kama mabano. Huku kwetu karibu na ikweta hilali ya jioni hulala kama dau, pembe zikielekea juu. Mwalimu aliyezoea picha za kitabu anaweza asilitambue. Mtoto aliyechora siku 14 atalitambua mara moja, na hapo ndipo timu nzima inaona faida ya kuwa naye mezani.

Jambo jingine ambalo wanafunzi wengi wa pwani hulijua kuliko vitabu: siku ambayo mwezi uko upande wa jua na hauonekani kabisa si siku ya mwandamo. Mwezi huandama siku moja au mbili baadaye, unapoonekana kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo siku ya 0 kwenye programu, ambayo ni hiyo ya mwezi usioonekana, na tarehe mosi ya kalenda ya Kiislamu hazilingani, na programu iseme hivyo. Vinginevyo mtoto atalinganisha na kalenda ya nyumbani na kuona programu inadanganya.

Hatua ya 4: skrini za karatasi

Jukwaa la Scratch, yaani eneo ambamo picha husogea, lina upana wa nukta 480 na kimo cha nukta 360. Chora kwenye A4 iliyolazwa fremu ya sentimita 24 kwa 18. Kila sentimita sasa ni nukta 20 kamili, na mnaweza kupima moja kwa moja kutoka kwenye karatasi mtakapoingia kwenye kompyuta.

Gawanyikeni makundi matatu, kila kundi lenye mwalimu asiyeshika kalamu au lisilo na mwalimu kabisa. Kila kundi lichore skrini zisizozidi 6. Vitu vya kusogea, kama mwezi na maji, vikatwe kwa karatasi ya pembeni. Kisha mjaribu na wanafunzi watatu wa nje: mtumiaji anagusa karatasi kwa kidole, na mwanafunzi mmoja ndiye "kompyuta". Kazi yake ni kusogeza vipande tu, haruhusiwi kusema neno. Kompyuta ya mtu ikianza kueleza, mmejua skrini gani haijitoshelezi.

Tahadhari moja ya vipimo. Mwezi uko umbali wa takriban kilomita 384,400, yaani kipenyo cha dunia mara 30. Mkifuata kipimo halisi kwenye jukwaa la nukta 480, dunia itakuwa na nukta 14 hivi na mwezi nukta 4. Hautaonekana. Ni lazima mvunje kipimo, lakini andikeni kwenye skrini ile ile "Picha haifuati vipimo halisi". Bila maneno hayo, mchoro wa mwezi ulioegemea dunia unarudisha imani ya kivuli mnayotaka kuiondoa.

Hatua ya 5: maneno na sauti

Maneno yasizidi 25 kwa skrini. Msiweke aya nzima kwenye skrini huku sauti ikiisoma hiyo hiyo, kwa kuwa macho yatakimbizana na sauti na picha isitazamwe. Sauti ieleze, picha isogee, skrini ibebe neno kuu tu: "bamvua", "maji mafu", "mwezi mpevu".

Tanzania, mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili msingi na kwa Kiingereza sekondari, hivyo programu yenye lugha zote mbili ina maisha marefu zaidi. Amueni mapema, kwa sababu kuongeza lugha baadaye ni kazi ya kuvunja kila kitu. Msiandike neno lolote ndani ya picha. Maandishi yote yakae kwenye orodha mbili, moja kwa kila lugha, mstari wa 1 ukiwa na maana ile ile pande zote. Kitufe cha lugha kinabadilisha orodha tu.

Rekodini bwenini au stoo yenye magodoro. Darasa tupu lina mwangwi, na bati likipigwa na mvua hakuna la kufanya. Simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni na pembeni kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isipige maikrofoni. Acheni sekunde 5 za kimya mwanzoni. Audacity, programu ya kuhariri sauti, huzitumia kuujua mvumo wa chumba na kuupunguza. Pandisheni sauti zote hadi kilele cha −3 dB ili skrini moja isinong'one na nyingine ikapiga kelele. Hifadhini kwa njia moja ya sauti, MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde: dakika moja itachukua KB 480 hivi, ambapo WAV ya kawaida ingechukua zaidi ya MB 5. Ukataji wote umalizike Audacity. Sauti ikihaririwa tena ndani ya Scratch huhifadhiwa upya kama WAV, na faili linavimba.

Hatua ya 6: kujenga

Nusu ya kulia ya jukwaa ionyeshe dunia na mwezi kutoka juu ya ncha ya kaskazini, mwanga wa jua ukiingia kutoka ukingo wa kulia. Nusu ya kushoto ionyeshe ufuo, mwezi unavyoonekana kutoka hapo, na mti wa kupimia maji. Kigeu kimoja (namba inayobadilika), "siku", kinaendesha vyote.

Mwezi huchukua takriban siku 29.5 kurudia umbo lile lile, kwa hiyo kila siku ni digrii 12.2. Dunia ikikaa x = 110, y = 20:

pembe = siku × 12.2
x ya mwezi = 110 + 90 × cos(pembe)
y ya mwezi = 20 + 90 × sin(pembe)

Makosa yanayotokea hapa yanajulikana. Kigeu chenye kitufe cha kuburuta huja kikiwa 0 hadi 100, na mwezi utazunguka zaidi ya mara tatu. Badilisheni kiwe 0 hadi 29. Amri ya kuelekea upande fulani katika Scratch huhesabu digrii 0 kuwa juu na kwenda mfuata saa, lakini sin na cos hufuata hesabu za darasani. Mkizichanganya, mwezi utaenda kinyume. Kosa la tatu ndilo baya zaidi, kwa kuwa programu haionyeshi kuharibika: mwezi ukiachwa ugeuke unapozunguka, nusu yake yenye mwanga itaacha kulitazama jua. Fungeni mzunguko wa picha hiyo, nusu yenye mwanga ibaki kulia daima.

Umbo la mwezi wa ufuoni linastahili kipindi kizima. Wengi huchora hilali kwa kukata duara kwa duara jingine, kama biskuti iliyoumwa, na hicho hasa ndicho kivuli. Hilali ya kweli ina ncha zake mbili kwenye miisho ya kipenyo kimoja, hazizunguki zaidi ya nusu duara. Chora duara lenye kipenyo cha nukta 100, nusu ya chini iwe na mwanga, ya juu iwe nyeusi. Kisha weka juu yake duaradufu nyeusi yenye upana wa 100 na kimo cha 100 × cos(pembe). Siku ya 4 pembe ni 48.8, kimo ni 66, na hilali inabaki na unene wa nukta 17 katikati, imelala kama dau. Kufikia siku ya 7 na nusu hivi kimo kinakuwa 0 na mna nusu kamili. Baada ya hapo duaradufu hiyo ipakwe rangi ya mwanga. Mkichora siku 0 hadi 14, zilizobaki ni kugeuza mpangilio. Kwa siku hizo za mwisho andikeni kwamba mwezi unatazamwa alfajiri upande wa mashariki.

Kwa maji, kwenye pwani ya Mombasa na Unguja tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua huwa kiasi cha mita 3 hadi 4, na siku za maji mafu hushuka hadi karibu mita 1. Mkadirio wa kutosha ni huu:

tofauti = 2.3 + 1.2 × cos(2 × 12.2 × (siku − 1.5))

Ile 1.5 ipo kwa sababu bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi usioonekana na baada ya mwezi mpevu. Ukiitoa, mtoto wa mvuvi atakusahihisha, naye atakuwa na haki. Wekeni maandishi yanayosomeka: "Huu ni mfano wa kujifunzia. Usiutumie kwendea baharini."

Mshika kipanya abadilike kila dakika 15, la sivyo mmoja atajenga na saba watatazama. Faili mbili za Scratch zilizofanyiwa kazi kwenye laptopu mbili haziunganiki zenyewe. Gawaneni picha: kila kundi litengeneze mhusika wake na amri zake, limhifadhi peke yake, kisha aingizwe kwenye faili kuu. Faili kuu ina mlinzi mmoja, na kila kipindi anahifadhi nakala mpya yenye namba, mwezi_07, mwezi_08, kwenye flashi zote mbili. Umeme ukikatika mnapoteza nusu saa ya kazi, si muhula.

Mwanzo wa programu uirudishe "siku" kuwa 0, na kila kitufe cha sauti kisimamishe kwanza sauti inayoendelea. Mtoto atakibofya mara tatu, na sauti tatu zitapandiana.

Hatua ya 7: jaribio

Tafuteni wanafunzi 5 ambao hawajaiona kazi, mmoja mmoja. Mwanatimu mmoja anakaa nyuma yake na daftari. Haelezi, haelekezi. Anaandika mahali kidole kiliposita, alichobofya bure, na alichosema. Kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, mjaribiwa achore jibu la swali lile lile la hatua ya 1. Rudieni baada ya wiki moja, kwa sababu imani ya kivuli ina tabia ya kurudi.

Msiwaulize "umeipenda?" Watasema ndiyo, kwa adabu tu. Linganisheni michoro. Ikiwa watu watatu kati ya watano bado wanachora kivuli, rudini kwenye manila ya ukutani na mtafute skrini iliyowaacha.

Kuisambaza

TurboWarp Packager, ya bure, hugeuza faili la Scratch kuwa faili moja la HTML linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti na bila kusakinisha kitu. Simu nyingi hazitoi sauti kabla mtu hajagusa skrini, kwa hiyo wekeni kitufe cha "Anza" badala ya sauti inayojianza. Jaribuni kwenye simu ya bei nafuu kuliko zote mlizonazo, kwa sababu ndiyo watakayokuwa nayo watoto wengi.

Majina ya wanafunzi kwenye skrini ya mwisho yawe ya kwanza tu, kwa idhini ya wazazi. Picha za kuchukua nje ziwe zenye ruhusa. Za NASA kwa kawaida hutumika bure kwa elimu, mkitaja chanzo.

Zile nusu karatasi, michoro ya fremu na daftari za siku 14 ziwekwe kwenye bahasha moja pamoja na flashi. Timu ya mwaka ujao ianze kwa kufungua bahasha hiyo na kuchukua rundo ambalo halikushughulikiwa.